Daftari la Jirani Yangu

Ni daftari la kurasa 96, jalada la samawati lililoanza kuchanika mgongoni. Jirani yangu alilifungua juu ya meza yangu hapa Kapsoya, Eldoret, jioni moja ya Januari 2018, akapiga mistari kwa rula ya mwanawe mpaka zikapatikana safu nne. Kila safu shule moja. Chini yake kaandika karo, sare, chakula, basi, pesa za fomu, rimu ya karatasi. Akanisukumia.

"Mwalimu, nisomee. Ipi naiweza?"

Hakuuliza ipi ni nzuri. Nilikuwa nimeacha ualimu miaka michache kabla ya hapo, na katika miaka yangu yote darasani sikuwahi kumwona mzazi aliyefanya hesabu kwa uangalifu kama ule. Alikuwa mgeni katika nchi hii, ana watoto watatu, na mumewe alibaki Juba akifanya kazi ya serikali ambayo mshahara wake huja ukipenda.

Kwao ni Bor, lakini watoto wamelelewa Juba. Walivumilia vita vya Desemba 2013. Mapigano yalipozuka tena mjini Julai 2016, mume akasema basi. Mama akabeba watoto wakapitia Uganda hadi Eldoret, kwa sababu binamu yake alikuwa ametangulia. Ndivyo jamii ya Sudan Kusini ilivyokua katika mji huu: mmoja anafika, anapata nyumba, anapiga simu. Nairobi kodi inaua. Hapa nyumba inapatikana, maziwa na mahindi viko karibu, na shule zimejaa kila upande, za serikali, za kanisa, na akademi zenye mabango ya watoto wanaotabasamu. Ukiuliza familia nyingi za kutoka Juba kilichowaleta Eldoret, neno la kwanza ni usalama. La pili ni shule, na mara nyingine huanza na hilo.

Nami nikamshauri vibaya. Sitazunguka hapo. Katika safu nne zile kulikuwa na shule moja ya bweni, nje kidogo ya mji, ambayo karo yake ilikuwa ya chini kwa namna ya kushangaza. Nikamwambia kifungua mimba wake, mvulana wa miaka kumi na mmoja, aende huko. Nilimpa sababu ambazo sisi Wakenya hupeana kila Januari: bweni humpa mtoto nidhamu, humtoa kwenye televisheni, na atajifunza Kiswahili haraka akilala na kuamka nacho. Akaniamini. Tukaenda sokoni pamoja kununua sanduku la bati, godoro, ndoo, kufuli, blanketi, sweta mbili. Vitu hivyo havikuwa kwenye daftari. Tulipomaliza, ile karo ya chini ilikuwa imekwisha kumezwa na ununuzi, na tulikuwa hatujafika hata getini.

Muhula wa pili mshahara wa Juba ukachelewa. Mwezi wa kwanza, wa pili, wa tatu. Shule ikamtuma mtoto nyumbani kutafuta karo. Shule za bweni hufanya hivyo kila siku, na mtoto wa Kenya anajua la kufanya: anapanda matatu, anashuka steji, anatembea kwao. Huyu alishushwa steji kuu saa sita mchana na sanduku lake. Simu ya mama yake ilikuwa imeisha chaji. Kiswahili alichokuwa amejifunza bwenini ni cha kuamrishwa: simama, nyamaza, fua. Cha kuuliza njia hakuwa nacho. Akakaa juu ya sanduku. Mama mmoja anayechoma mahindi alimwona tangu mchana, akampa hindi moja, akamsogeza karibu na jiko mvua ilipoanza. Jua lilipokuwa linazama mwendesha bodaboda mmoja, naye wa Sudan Kusini, akamsikia akijisemea kwa Kiarabu cha Juba, akamleta mtaani.

Nilitoka nje niliposikia kilio cha mama yake. Mvulana alikuwa amesimama kwenye mwanga wa mlango wao, hajalia. Kwenye kifuniko cha sanduku jina lake lilikuwa limeandikwa kwa rangi nyeupe, herufi kubwa kubwa, nusu yake si jina lake. Nikamuuliza nani aliandika. Akasema shule, siku ya kwanza. Kwa mihula miwili watu waliokuwa wakimlisha na kumfundisha walimwita jina la mtu mwingine, na hakuwa na lugha ya kuwasahihisha.

Tangu usiku ule sijaweza kuliangalia swali la shule nafuu kwa macho ya zamani. Unafuu tunaupima kwa karatasi ya karo. Lakini mtoto aliye ugenini hana shangazi mtaa wa pili, hana jirani anayemjua babu yake, hana mtu wa kumwambia mwalimu "huyu ni wetu, mwangalie". Watu hao ni vazi, na mtoto wa nyumbani huvikwa bila kulipia. Mgeni akilikosa, shule yenyewe ndiyo inapaswa kumvika, na kama haiwezi, basi hata ingekuwa ya bure ni ghali.

Januari 2019 tulikwenda shule ya serikali, ya kutwa, umbali wa dakika kumi na tano kwa miguu. Niliogopa. Darasa moja lilikuwa na watoto zaidi ya sitini. Elimu ya msingi ya bure tunayo tangu Januari 2003, na Katiba ya 2010, kifungu cha 53, inasema kila mtoto ana haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Imeandikwa kila mtoto, haikuandikwa kila mtoto wa Mkenya. Nalipenda sana neno hilo. Lakini nalijua pia fungu linalolisindikiza: shilingi 1,420 kwa mwanafunzi wa msingi kwa mwaka mzima, na mara nyingi hazifiki kwa wakati. Kwa hiyo yapo malipo madogo madogo ya chakula, ya mlinzi, ya karatasi za mtihani. Jirani yangu aliyaandika yote.

Ofisini nilitayarisha maneno ya kutetea karatasi zisizokuwepo. Cheti cha kuzaliwa cha mvulana kilibaki Juba, na bila namba ya cheti kumsajili mtoto kwenye mfumo wa Wizara ya Elimu ilikuwa kazi. Mwalimu mkuu, mama mtu mzima mwenye miwani iliyofungwa uzi, akaniacha nimalize. Kisha akasema Januari 2008, watu walipokuwa wamerundikana uwanja wa maonyesho wa Eldoret baada ya nyumba zao kuchomwa, aliwapokea watoto waliokuja na nguo za mwilini tu. "Cheti tutakitafuta tukiwa tunasoma," akasema. Halafu akainama, akamuuliza mvulana jina lake. Akalirudia. Akakosea. Akaomba aambiwe tena, akalirudia hadi mtoto akatikisa kichwa kukubali, ndipo akaliandika.

Jirani yangu alitoa daftari mkobani pale pale, akaandika kitu. Sikuona ni nini.

Kiswahili ndicho kilichokuwa kizito zaidi. Mvulana wa miaka kumi na miwili, mrefu kuliko mwalimu wake, anakaa darasa la nne na watoto wa miaka tisa na hajui kusema anataka maji. Siku moja mwalimu wa Kiswahili alimsikia akimwambia nduguye "kitab". Akasimamisha somo. Akamuuliza kalamu mwaiitaje kwenu? Galam. Sukari? Sukar. Samaki? Samak. Akagawa ubao nusu kwa nusu, upande huu Kiswahili, upande ule Kiarabu cha Juba, na darasa zima likawa linarusha maneno kujaribu. Mvulana alikuja kwangu jioni na ukurasa mzima aliounakili. Maneno ishirini na saba. Akaniambia kwa Kiingereza chake cha taratibu kwamba kumbe Kiswahili alikuwa nacho tayari nyumbani, hakuna aliyemwambia. Yule mwalimu hakulipwa hata senti ya ziada kwa kipindi kile.

Alifanya KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, ya mwisho kabisa, ya 2023, pamoja na kundi lile lililofunga mlango wa mfumo wa zamani katika shule za msingi. Alipata alama za wastani. Insha ya Kiswahili alifanya vizuri.

Mwezi uliopita alinipigia simu mpwa wangu aliye Guangzhou. Yuko huko miaka tisa, anasafirisha bidhaa kuja Mombasa, na binti yake amefika umri wa kuanza darasa la kwanza. Karo ya shule nyingi za kimataifa za miji mikubwa ya China hupita yuani 200,000 kwa mwaka, yaani zaidi ya shilingi milioni tatu za kwetu, na shule hizo ni za watoto ambao kampuni ya baba inalipa. Shule ya serikali ya mtaani itamtaka awe na vibali vya ukaazi na itamsomesha kwa Kichina toka asubuhi. Katikati kuna vishule vya bei ya kati, vingine vya Wafilipino na Waafrika wenzake. Au amlete binti kwa bibi yake, Moiben, kama wenzake wengi walivyofanya. Alinitumia bei zote kwa simu, zimepangwa vizuri, akauliza: "Shangazi, ipi ni nafuu?"

Jirani alikuwa amekuja kunirudishia sufuria. Nikamsomea ule ujumbe. Akaketi, akaomba simu, akapiga yeye mwenyewe. Mpwa wangu akatokea kwenye kioo, usiku umeshaingia kwao, nyuma yake maboksi hadi darini.

"Baba," akamwambia, "hizi shule umekwenda kwa miguu yako?"

Hapana, alikuwa ameona picha.

"Mwalimu atakayekaa na mtoto anaitwa nani? Ukichelewa kulipa, watamtuma na nani? Kuna mtu pale anaweza kusema jina lake lote?"

Kimya. Nyuma yake mtu alikuwa anavuta utepe wa kufungia boksi, krrr. Hatimaye akasema angekwenda Jumatatu.

Jirani akafungua mkoba. Daftari ni lile lile, jalada sasa limeshikwa na plasta. Nikaiona safu ya tano aliyoiongeza siku ile ofisini: haina bei, ina jina la yule mwalimu mkuu na namba yake ya simu. Akafunua ukurasa mtupu, akaniomba rula, akaandika juu kabisa jina la binti wa mpwa wangu, akiniuliza herufi moja moja.