Aliyeshuka wa Pili

Mkulima wa zabibu Dodoma huvuna mara mbili kwa mwaka, na mara zote mbili anashindana na jua. Zabibu ikishaiva haimngoji mnunuzi. Bei ikianguka, wengine huamua kuisindika wenyewe: wanaikamua, wanaiacha ichachuke, kisha wanauza mchuzi wa zabibu kwa viwanda vya mvinyo. Kisa hiki ni cha kutunga, ila kinachoua ndani yake ni cha kweli.

Mzee mmoja upande wa Hombolo alijenga tangi la zege bandani kwake. Lilikuwa la lita 3,000, na mdomo wake ulitosha mtu kupita. Madirisha aliyaziba kwa mbao, nzi wadogo wasije wakamgeuzia mchuzi kuwa siki, na wezi wasipate pa kupenyeza mpira. Majirani walimsifu; banda safi kuliko yote kijijini.

Hamira ikila sukari ya tunda hutoa kileo, na pamoja nacho hewa ukaa. Lita moja ya maji ya zabibu mbivu hutoa zaidi ya lita 40 za hewa hiyo. Piga hesabu: lita 1,000 tu zinajaza chumba cha mita 4 kwa 4 chenye dari ya mita 2.5. Haionekani, na kwa kuwa ni nzito kuliko hewa ya kawaida, hutuama chini kama maji kisimani. Aliye juu mdomoni anapumua vizuri na kupiga soga, huku miguuni pake kumejaa kifo.

Mchuzi ulipohamishiwa kwenye simtanki, chini yalibaki machicha, maganda na kokwa, bado yakitoa vipovu. Asubuhi mpwa wa mzee akateremka kwa ngazi, ndoo mkono mmoja, koleo mkono wa pili.

"Mjomba, leo harufu kali."

"Ndiyo harufu ya hela hiyo. Fanya haraka, gari liko njiani."

Aliinama kuchota ndoo ya kwanza, koleo likagonga zege. Hakuita wala hakukohoa. Watu hudhani anayekosa hewa atapiga kelele. Hewa ukaa ikiwa nyingi, pumzi chache tu zinamlaza mtu kabla hajaelewa kinachompata.

Mzee alimwona amelala kifudifudi kwenye machicha, kina kisichozidi kimo cha mtu. Mtoto wa dada yake. Nani angesimama akitazama? Alibana pumzi, akashuka, akamshika makwapani, akamwinua. Lakini kumwinua kijana mzima kunadai pumzi. Akavuta moja.

Kibarua aliyebaki juu alikuwa ameshatia mguu kwenye ngazi. Mke wa mzee alimvuta shati kwa nyuma hadi likachanika. Hakusomea mambo ya gesi mama yule. Aliona tu kwamba wameshuka wawili na hakuna anayejibu. Msibani alisemwa vibaya, eti kamzuia mtu kumwokoa mumewe. Mimi namtetea. Katika ajali za namna hii, mara nyingi aliyekwenda kuokoa hufa pamoja na aliyemfuata, na wa tatu angefanya makaburi kuwa matatu.

Wapo wanaoamini mshumaa: unashushwa, ukiwaka basi salama. Si kweli. Mshumaa huweza kuendelea kuwaka hata pale ambapo mtu ameshaanza kuumwa kichwa na kuhema. Kazi hii inataka banda lililo wazi, upepo ukipita hadi chini, na feni inayosukuma hewa safi mpaka sakafu ya tangi, isizimwe muda wote mtu akiwa ndani. Anayeshuka afungwe kamba mwilini kabla ya kukanyaga ngazi, na juu wawepo watu wenye nguvu za kumvuta. Akianguka bila kamba, waitwe Zimamoto, 114, wenye mitungi ya kupumulia. Hata hivyo kamba na feni ni za anayelazimika kushuka, na wengi hawalazimiki.

Msimu uliofuata mjane aling'oa mbao madirishani, akamwita fundi akatoboa tangi ubavuni, chini kabisa, na kuweka kimlango cha chuma. Machicha sasa hukokotwa kwa reki ya mpini mrefu, mtu akiwa nje. Anayekokota ni kibarua yuleyule, na kila msimu analalamika kwamba kazi ya saa moja inamchukua siku nzima.