Kodi ya Baba wa Watoto Wanne

Zamani za Wabelgiji kila mwanamume mzima wa Kongo alilipa kodi ya kichwa. Lakini mwenye mke mmoja na watoto wanne alisamehewa. Kusudi lilikuwa wazi: watu wazae. Serikali ilikuwa na hofu, kwani huko Uele na katika nchi ya Wamongo nyumba nyingi hazikuwa na sauti ya mtoto. Padri Boelaert na Padri Hulstaert waliandika mengi juu ya habari hiyo.

Leo twayasikia hayo hayo Ulaya. Nchini Hungaria, tangu mwaka 2020, mama aliyezaa watoto wanne halipi tena kodi ya mapato. Uzazi ulipanda kutoka watoto 1.2 kwa kila mwanamke mwaka 2011 hadi karibu 1.6 mwaka 2021, kisha ukashuka tena. Korea ya Kusini imetoa fedha nyingi mno, na mwaka 2023 ilifika 0.72 tu. Msomaji wa Kadutu, mwenye watoto saba katika vyumba viwili, atacheka. Asicheke upesi.

Je, ni haki kumlipa mtu ili azae? Kumpunguzia mzazi mzigo, hilo twalikubali. Anawalea watu ambao kesho watamlisha hata mzee asiye na mtoto. Ubaya waanza pale thawabu ya mmoja inapogeuka kuwa aibu ya mwingine.

Turudi Uele. Watu walipohesabiwa miaka ya 1955 hadi 1957, walionekana huko wanawake wengi waliozeeka bila kuzaa hata mara moja. Bwana Romaniuk, aliyeyachunguza mahesabu yale, alionyesha kwamba sababu kubwa ni magonjwa ya zinaa. Basi mke wa namna hiyo alipata faida gani katika msamaha ule? Mumewe aliendelea kulipa kodi, naye aliendelea kuitwa tasa. Alihitaji dawa, wakampa mfano wa jirani.

Na sisi wa Bukavu tusijidai. Twamjua mama mmoja, miaka sita katika ndoa, hana mtoto. Jamaa za mume wameanza kudai ng'ombe wao. Yeye amekwenda kupimwa mara tatu, peke yake. Mumewe hajaenda hata mara moja, wala hakuna mtu wa ukoo aliyemwuliza kwa nini.