Kiti Kilichobaki Wazi

Neno la kusoma: Ezekieli 34:17-19 na Zaburi 121



Mwezi wa nane tulipeleka vijana wetu Nairobi. Wengi wao hawakuwa wamewahi kupita Isiolo mjini. Mimi ndiye niliyeshika pesa, na kwa kuwa nilisomea biashara, niliweka kila kitu kwa daftari: shilingi 3,000 kwa kila kijana, mwisho wa kulipa Ijumaa. Binti mmoja wa kwaya alileta 2,300. Akaniomba, "Pasta, nitamalizia mama akiuza mbuzi." Nikamrudishia pesa zake. Sheria ni sheria, nikajiambia.

Tulitoka Korbesa jioni kwa lori, tukala vumbi usiku kucha. Alfajiri pale Isiolo tukaingia matatu ya kukodi, viti 14. Kiti kimoja kilibaki wazi. Nikaweka begi langu hapo.

Gari likaanza kupanda. Ukitoka joto la kwetu, baridi ya Timau inakushika masikio! Mashamba ya ngano kila upande, na Mlima Kenya umesimama mbele yetu, mita 5,199, barafu juu yake. Vijana wakanyamaza kabisa. Nanyuki tukapiga picha kwenye kibao cha ikweta, kisha tukasimama Naro Moru kunyoosha miguu. Chini ya daraja maji yalikuwa yanapita, baridi na safi. Kijana mmoja akamuuliza dereva, "Huu mto unaenda wapi?"

Dereva akasema, "Si unaingia Ewaso Nyiro? Haya ndiyo maji yenu."

Wapendwa, sisi ni watu wa Waso. Tunajua kiangazi kikikaza, mto unakauka, tunachimba mchanga kutafuta maji. Mara ngapi tumelalamika kwamba walio juu wanakunywa, wananyunyizia mashamba yao, na sisi wa chini tunasahaulika? Nikiwa pale darajani Roho akanigusa. Nikageuka, nikaona begi langu limekaa kwenye kiti cha yule binti. Siku ile mimi ndiye nilikuwa juu ya mto, yeye alikuwa chini. Kwa sababu ya shilingi 700 nilimfungia maji.

Nairobi tuliona mengi. Tulipanda KICC, jengo la ghorofa 28 lililokamilika mwaka 1973, tukaona jiji lote chini yetu. Tuliingia mbuga ya Nairobi, iliyofunguliwa 1946, ambapo twiga anatembea na nyuma yake ni maghorofa. Vijana walifurahi sana. Lakini kule juu ya KICC mmoja akauliza kwetu ni upande gani, nami nikaelekeza mkono kaskazini. Siku ikiwa wazi Mlima Kenya huonekana kutoka Nairobi. Siku ile mawingu yalikuwa yameufunika, na mimi moyo wangu ulikuwa mzito.

Katika Ezekieli 34 Mungu hawakemei wachungaji peke yao. Anawageukia pia kondoo walioshiba, waliokunywa maji safi halafu wakayachafua kwa miguu yao, wenzao wakabaki na tope. Kunywa hakukuwa kosa. Kosa lilikuwa kutomfikiria anayefuata. Na Zaburi 121 inatukumbusha kwamba hata tukiitazama milima, msaada wetu unatoka kwa Yeye aliyeiumba. Kama chanzo ni chake, mimi ni nani nifunge mfereji?

Tuliporudi nilienda nyumbani kwao yule binti. Mbele ya mama yake nikasema, "Nimekukosea, nisamehe." Mama hakusema kitu, alinipa chai. Binti akaniuliza jambo moja tu: "Pasta, ni kweli maji yetu yanatoka mlimani?" Nikamwambia ni kweli. Safari ijayo jina lake ni la kwanza kwenye daftari, na nauli yake nitalipa mimi.

Wiki hii jiulize: nani yuko chini yangu mtoni? Mfanyakazi ambaye hujamlipa? Mtoto wa jirani aliyerudishwa nyumbani kwa karo? Mwendee kabla ya Jumapili.

Tuombe: Bwana, tusamehe tulipokunywa tukasahau wenzetu. Fungua mikono yetu. Katika jina la Yesu, Amina.