Mali ni ya nani? Swali lililonirudia mwenyewe

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiwasomesha vijana wa darasa la jioni mifumo ya uchumi, na nakiri ni somo nililolifundisha kwa raha. Ni rahisi kuwashinda watu ambao hawapo darasani.

Wakomunisti nilikuwa nikiwamaliza kwa dakika kumi. Marx na Engels walitaka mwaka 1848 umiliki binafsi wa nyenzo za uzalishaji ufutwe, na Urusi ikafuta umiliki binafsi wa ardhi mwaka 1917. Mfanyakazi aliyeahidiwa kuwa kila kitu ni chake akaishia kibarua wa dola. Ujamaa wetu haukufika huko. Azimio la Arusha la 1967 liliziweka njia kuu za uchumi mikononi mwa umma, mabenki yakataifishwa, na mwaka 1971 ikaja sheria ya kutwaa majengo yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000. Lakini mtu hakukatazwa kuwa na nyumba yake ya kuishi wala ng'ombe wake.

Bepari naye husema: nimechuma mwenyewe, nitatumia nitakavyo. Sawa. Mbona mwaka 2008, mabenki ya Marekani yalipoyumba, Bunge lao liliidhinisha dola bilioni 700 za umma kunusuru hali? Faida ya wachache, hasara ya wote!

Hapo ndipo nilipokuwa nikiuleta Uislamu. Mali ni ya Allah (S.W.), nasi tumekabidhiwa tu, kama inavyofahamika katika Surat Al-Hadid aya ya 7. Muislamu anamiliki, anauza, anarithisha, na mali yake ni haramu kwa mwingine. Lakini ana Zaka juu yake, riba imefungwa, na maji, malisho na moto Mtume (s.a.w.) aliwashirikisha watu wote. Sayyidna Umar (r.a.) alikataa kuwagawia askari ardhi ya Iraq, akiwafikiria watakaozaliwa baadaye.

Majuzi binti mmoja akanyoosha mkono. "Ustadhi, babu yangu amefariki miaka sita sasa. Nyumba wanayo baba na baba mdogo, shangazi hajapewa kitu. Huo ni ubepari au ujamaa?"

Darasa likacheka. Mimi sikucheka.

Marehemu baba yetu aliacha nyumba ya vyumba vinne, vyote vina wapangaji. Tuko watatu: kaka, mimi na dada yetu. Mafungu matano, moja lake. Surat An-Nisaa imempa fungu hilo hata kama kilichoachwa ni kidogo, na mimi aya hizo nazisomesha! Miaka saba kodi tumekula wawili, tukimpelekea dada sukari na kanga kila Idi, naye akitushukuru.

Usiku ule nilimpigia kaka. "Ile ni nyumba ya ukoo, ustadhi, haigawiwi. Kwani dada amelalamika?" Nyumba ni yetu sote, kodi ni yetu wawili. Mfumo huo sijauona katika kitabu chochote.

Kweli hajalalamika. Nilipomweleza alinyamaza kitambo, kisha akauliza kama kaka anajua kwamba nimempigia.

Hesabu ya miaka saba nimeiandika kwenye daftari. Kaka bado hajakubali. Upande wangu wa deni hilo nimeanza kuulipa mwezi huu, kidogo kidogo, kwa mshahara wa mwalimu.