Muuza Jiwe Asituhubirie Usalama

Ndugu zangu wa Nyashimo na Busega yote, fungueni Mambo ya Walawi sura ya 14. Nyumba ikionekana na pigo ukutani, kuhani ndiye aliyeitwa kuikagua. Aliifunga siku saba, akarudi. Pigo likiwa limeenea, mawe yaling'olewa na udongo ukakwanguliwa, vyote vikatupwa nje ya mji. Likirudi tena, nyumba nzima ilibomolewa. Na aliyelala humo alipaswa kufua nguo zake. Torati haikumtuma mtu kwa muuza mawe kuuliza kama mawe yake ni salama.

Leo tunaambiwa tumwamini muuza mawe. Wenye biashara ya asbesto, lile jiwe la nyuzi linalochanganywa na saruji kuwa mabati ya kijivu na mabomba, wanasema mbaya ni ile ya buluu. Hii nyeupe, krisotili, haina neno mradi itumike kwa uangalifu. Nasema ni uongo, na uongo huu unaua! Shirika la Afya Duniani limeshatamka kwamba aina zote za asbesto husababisha saratani, nyeupe ikiwemo: ya mapafu, ya ovari, na mesotelioma, saratani ya utando unaofunika mapafu.

Uangalifu gani huo? Fundi kakaa juu ya kenchi na msumeno, anapunguza bati la zamani la asbesto. Upepo wa ziwa unavuma. Vumbi jeupe linatua kwenye nyusi zake na kwenye kola ya shati. Chini, kibarua anafagia kwa ufagio mkavu. Vipande vizuri vinawekwa kando, vitaezeka banda la kuku. Jioni mkewe analikung'uta lile shati kabla ya kulitia kwenye beseni. Mama huyo hajawahi kupanda paa, lakini anavuta nyuzi zilezile. Ulaya wamekufa wanawake ambao kazi yao ilikuwa kufua nguo za waume zao waliotoka kiwandani.

Na ugonjwa wenyewe hauna haraka. Hujificha miaka 20, 30, hata 40. Siku mtu anapoanza kukosa pumzi, kampuni imeshafungwa na risiti zimeliwa na mchwa. Atamdai nani?

Kanada ilichimba jiwe hili kwa zaidi ya karne. Mwaka 1984 ikaanzishwa huko taasisi ya kuitangazia dunia matumizi salama, huku mzigo ukija kwa nchi maskini. Migodi ikasimama 2011. Mwaka 2018 Kanada yenyewe ikapiga marufuku, na mji wake uliokuwa ukiitwa Asbestos ukabadili jina 2020. Mhubiri kaiacha dini yake, sisi tubaki kwenye kwaya? Kenya ilikataa 2006, Afrika Kusini 2008, Msumbiji 2010.

Kinachonichoma zaidi ni Mkataba wa Rotterdam. Mkataba huu haukatazi biashara. Unataka tu nchi inayonunua ielezwe hatari na iridhie kwanza. Hata hilo, tangu 2006, nchi chache zenye maslahi, Urusi na Kazakhstani zikiwemo, zimekuwa zikilizuia: krisotili isiingie kwenye orodha ya mkataba huo. Kama ni salama, kwa nini mnaogopa tuambiwe?

Fundi, mwanangu, usilikate bati hilo, usilitoboe, usilivunje. Mwalimu mkuu, likipasuka juu ya darasa, watoe watoto kwanza, kisha wapigie NEMC, baraza la mazingira, na OSHA, wakala wa usalama na afya kazini. Na ninyi Halmashauri ya Busega, kagueni kila shule na zahanati yenye paa la zamani, mbandike orodha ubaoni wananchi waisome. Asbesto ikibidi kuondolewa, waiondoe waliofundishwa, wenye barakoa za kazi hiyo, wakiilowanisha maji na kuifunga kwenye nailoni nzito. Anzeni sasa, kabla mvua za vuli hazijapasua bati jingine.