Kwa Nini Mke wa Bwana Mkubwa Hukaa Nyumbani?

Watu wanaoitafiti dini hutuuliza mara kwa mara swali hili: Mwanamke aliyesoma, akiolewa na mtu mwenye cheo na mshahara mkubwa, aghalabu huacha kazi yake akakaa nyumbani. Je, huyo ameheshimiwa au amefungwa? Wengine huuliza kwa nia ya kuushutumu Uislamu, wengine kwa sababu jambo lenyewe limewafika majumbani mwao. Wote wanastahili jibu, nasi tutaanzia katika nyanda za juu za Kigoma, Kasulu na Kibondo, kwani huko jambo hili laonekana wazi kuliko mijini.

Kwa mke wa mkulima wa Buha, neno "kukaa nyumbani" halina maana. Mvua za vuli zinapoanza yeye yuko shambani na jembe, mtoto mgongoni. Maharage, mahindi na muhogo ni jasho lake kabla ya kuwa chakula cha mtu yeyote. Katika miaka ya ukoloni Waha kwa maelfu walipanda gari la moshi kwenda Tanga kukata mkonge, wakaitwa manamba. Ikasemwa kuwa wanaume wamekwenda kazini na wanawake wamebaki nyumbani. Lakini ni nani aliyewalisha watoto na wazee wakati manamba akingoja kadi yake ijae? Ni yule aliyesemwa kuwa amebaki tu. Basi msomaji atambue tangu sasa kwamba neno hili limezoea kudanganya.

Baada ya machafuko ya Burundi ya Oktoba 1993, na vita vya Zaire vya 1996, wakimbizi waliingia wilaya hizi kwa mamia ya maelfu. Zikajengwa kambi za Mtabila, Muyovosi na Nyarugusu upande wa Kasulu, na Nduta na Kanembwa upande wa Kibondo. Pamoja na kambi zikaja ofisi za Umoja wa Mataifa na za mashirika mengi ya misaada, na pamoja na ofisi akatokea mtu ambaye zamani hakuwapo huko: mkuu wa ofisi au wa idara, mwenye mkataba, gari la kazi, redio ya mawasiliano na mshahara ambao mwalimu wa shule ya msingi hawezi hata kuuota. Mke wa mtu huyu aliweza kulitua jembe na kuwaajiri vibarua. Aliweza pia, kama amesoma, kutafuta kazi ya mshahara. Walakini wengi wa namna yake, huko na kwingineko, huchagua kukaa nyumbani. Kwa nini?

Jibu jepesi ni kwamba fedha zinatosha, kwa hiyo ya nini kujisumbua? Jibu hili halitoshi. Kama fedha zinatosha, mbona mume haachi kazi, wala hapunguzi saa zake? Jibu la pili ni fahari ya wanaume, maana wako wajisifuo barazani, "Mke wangu hafanyi kazi," kama mtu ajisifuye kwa ng'ombe wake. Fahari hiyo ipo, hatuikatai. Lakini haielezi kwa nini wanawake wenye akili timamu, ambao hawakulazimishwa na mtu, hufikia uamuzi huohuo Nairobi, London na Marekani, ambako fahari ya namna hiyo huonewa haya.

Sababu yenyewe imo katika kazi ya mume. Bibi Claudia Goldin, mtaalamu wa uchumi wa Marekani aliyepata zawadi ya Nobel mwaka 1923 ukiongeza miaka mia, yaani 2023, ameonyesha kuwa ziko kazi zenye ulafi. Kazi hizo hulipa sana kwa sababu humtaka mtu wakati wote, bila taarifa. Anayetoa nusu ya muda wake hapewi nusu ya mshahara. Hupewa sehemu ndogo sana, au huondolewa akawekwa mwingine.

Tuchukue mfano. Tuseme mume ni mkuu wa ofisi katika Kibondo na mkewe ni mwalimu. Usiku wa manane redio inaita kuwa malori ya watu yamefika mpakani. Asubuhi pampu ya maji kambini imekufa. Mchana wageni wanatoka Dar es Salaam. Jioni mtoto ana homa kali. Ni nani atakayeondoka kazini kumpeleka mtoto hospitali? Wakiwa wote wawili ni watu wa kazi, mmoja lazima awe ndiye anayeondoka kila mara, naye hatapandishwa cheo popote. Halafu unakuja uhamisho, na shule ya mwalimu haihami pamoja na mumewe. Wakipiga hesabu, wanaona nyumba itapoteza kidogo mke akiacha, na itapoteza kingi mume akilegea. Hesabu hiyo si ya kijinga, wala si ya utumwa.

Lakini tazama hesabu hiyo inakiri nini. Inakiri kwamba mume hawezi kuwa mtu wa saa zote kwa bwana wake wa kazi, ila kwa sababu yuko mwingine ambaye ni mtu wa saa zote kwa watoto wake, kwa wazazi wake na kwa wageni wake. Mshahara unaandikwa kwa jina moja, na waliouchuma ni wawili. Hapo ndipo penye swali la haki, na hapo ndipo wengi, Waislamu na wasio Waislamu, hujikwaa.

Mafunzo ya Kiislamu katika jambo hili huwashangaza wageni. Mali ya mwanamke ni yake, akiwa ameolewa au hajaolewa. Kulisha nyumba ni wajibu wa mume, hata kama mke ni tajiri. Naye Bibi Hadija (r.a.) alikuwa mfanya biashara mkubwa wa Makka, akamwajiri Mtume Mtukufu (s.a.w.) kabla hajaolewa naye, basi asituambie mtu kuwa kazi ya mwanamke ni aibu. Zaidi ya hayo, wanavyuoni wa madhehebu ya Imamu Shafi, yafuatwayo na Waislamu wengi wa pwani yetu, walisema kwamba kupika na kufua si deni ambalo nikahi humtwika mke. Akifanya, ametoa wema wake. Mume anayesema "hafanyi kazi" ajiulize basi ni wema wa nani anaoula kila siku.

Kiko pia kisa cha mke wa bwana mkubwa hasa. Abu Sufyan alikuwa kiongozi wa misafara ya Makureshi, mtu wa mali nyingi. Mkewe, Hind, alimwendea Mtume (s.a.w.) akalalamika kuwa mumewe ni bahili, hampi yeye na watoto wake ya kuwatosha, ila achukue bila mwenyewe kujua. Mtume (s.a.w.) akamruhusu achukue ya kumtosha yeye na watoto wake kwa kadiri ya wema. Zingatia: hakuambiwa aombe, wala hakuambiwa kuwa fedha ni za aliyezichuma. Alichokichukua kilikuwa haki yake. Na tena hakupewa ruhusa ya kukomba, bali ya kiasi kinachojulikana kuwa ni cha haki.

Katika nchi yetu sheria nayo ilichelewa kidogo, kisha ikafika. Sheria ya Ndoa ya 1971 yaruhusu mahakama, ndoa inapovunjika, kugawa mali iliyopatikana kwa juhudi za pamoja. Je, aliyekaa nyumbani ana juhudi gani? Swali hilo lilifika Mahakama ya Rufani katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu. Mahakama za chini zilimwona ni mke tu, asiyechangia nyumba iliyopatikana kwa fedha za mume. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, chini ya Jaji Mkuu Nyalali, iliamua kwamba kazi za nyumbani ni mchango katika mali hiyo. Hata hivyo Bi Hawa mwenyewe hakupata kitu, kwa kuwa ilionekana alizitapanya fedha alizokabidhiwa na mumewe kwa ajili ya mradi wa familia. Wanaolisimulia shauri hili husahau sehemu hii ya mwisho, nasi tunaona haifai kusahauliwa. Kama mke ni mshirika, basi amana pia i juu yake.

Mwenye kupinga aweza kusema: "Mke huyu anakula vizuri, anavaa vizuri, anapanda gari. Anakosa nini hata tumzungumzie haki?" Jawabu letu ni kumpeleka Mtabila. Kambi hiyo ilifungwa mwishoni mwa 2012, na kambi inapofungwa na mikataba hufungwa. Nduta nayo ilikuwa imefungwa, ikafunguliwa upya Oktoba 2015 Warundi walipokimbia tena. Kazi za namna hii huja na kwenda pamoja na misiba ya watu wengine. Mume aliyemaliza mkataba anabaki na ujuzi, barua za sifa na majina ya watu wa kuwaandikia. Mke aliyeacha ualimu miaka kumi iliyopita ana nini mkononi? Na mume akifa, au akioa mwingine, au akimwacha? Chakula kizuri cha jana si akiba.

Kwa hiyo tunamwambia anayetuuliza kuwa mke huyo hatukumwona amefungwa kwa kukaa kwake nyumbani, wala hatukumwona ameheshimiwa kwa sababu hiyo peke yake. Tunataka kujua mambo machache kabla ya kumjibu. Je, barua ya kuacha kazi iliandikwa baada ya wawili kushauriana, au baada ya mmoja kuamuru? Je, anajua mshahara ni kiasi gani? Twasikitika kusema kwamba wako wake wa wakubwa wasiojua, wakati karani wa mishahara ajua. Je, mahari yake alikabidhiwa, au bado ni ahadi? Je, kile kiwanja cha Kasulu mjini kimeandikwa kwa jina la nani? Na kama siku moja atasema, "Watoto wamekua, nataka kurudi darasani," mume ataliona hilo kuwa ni uasi, au atauliza tu ni nani sasa atakayeondoka ofisini mtoto akipata homa?