Leso ya Mgeni wa Unguja

Wiki hii nilihudhuria arusi ya jamaa zetu hapa Mombasa, na adhuhuri moja ya joto kali, tulipokuwa tumekaa ukumbini sisi wanawake tukingoja sinia za pilau, mgeni mmoja aliyetoka Unguja aliomba leso apate kujifuta jasho la uso. Mtoto wa nyumba ile, msichana wa miaka minane mwenye adabu na mwepesi wa kutumika, alikwenda mbio chumbani akarudi na doti nzima ambayo haijakatwa, akamwekea mgeni mapajani kwa mikono miwili. Mgeni alitabasamu kwa upole akamwambia kuwa alichotaka ni kile kitambaa kidogo cha mkononi. Mtoto akaitazama doti, akamtazama mgeni, kisha akageuka akauliza, “Shangazi, kwani leso ni ipi, hii yetu au hiyo yao?” Shangazi yake, aliyekuwa amesimama tangu alfajiri, akamkata kauli: “Maswali hayo hayasongi ugali. Nenda kalete maji.” Mtoto akenda, kichwa kimeinama.

Maji yaliletwa, pilau ililiwa, bwana arusi akaingia nyumbani kwa vigelegele. Walakini swali lile lilibaki pale ukumbini bila jibu, nami tangu siku hiyo limekuwa likinijia kila nifungapo nguo kiunoni.

Jibu lake lilikuwapo, tena ni tamu. Wareno, walioanza kujenga Ngome ya Yesu katika mji huu mwaka 1593 na kutolewa humo na Waarabu wa Oman mwaka 1698, walikiita kitambaa cha mkononi lenço, nasi tukalilainisha neno hilo likawa leso, kama tulivyochukua kwao meza, bendera na mvinyo, na hata gereza, ambalo asili yake ni neno lao la kanisa. Zamani zikapita. Katika miongo ya mwisho ya karne ya 19, vitambaa vya mkononi vilipokuwa vikija bandarini vimepigwa chapa mfululizo katika jora moja, husimuliwa katika pwani yetu kuwa wanawake wa Unguja na Mombasa, badala ya kununua kimoja kimoja kama ilivyokuwa desturi, walikata sita pamoja, vitatu juu na vitatu chini, wakavishona vikawa vazi moja la kujifunga. Wenye maduka hawakukawia kuitambua faida iliyokuwamo, wakaagiza nguo ya namna hiyo ikiwa kipande kimoja. Unguja ikapewa jina la kanga, kwa madoadoa yaliyofanana na ya ndege yule, na neno leso wakamwachia mdogo wake wa mkononi. Mombasa tuliendelea kuiita nguo kubwa leso, kana kwamba bado twaiona mishono ile. Kwa insafu, basi, mtoto alikuwa na haki na mgeni alikuwa na haki: Unguja imehifadhi neno lilikotoka, na Mombasa imehifadhi safari liliyokwenda.

Hayo ya mishono ni mlango tu. Kabla ya kanga mwanamke asiye na uwezo alijifunga kaniki, au merikani, nguo ya pamba iliyoitwa hivyo kwa sababu ilifumwa Massachusetts katika nchi ya Marekani na kuletwa Unguja kwa majahazi ya wafanyi biashara wa Salem. Nguo hizo ndizo aghalabu walizovishwa watumwa. Baada ya amri ya mwaka 1897 iliyouondolea utumwa nguvu ya sheria katika Unguja na Pemba, wanawake wengi waliozivua hawakutaka kuziona tena. Walijifunga kanga yenye rangi, yenye pindo na mji, na baadaye yenye jina, lililoandikwa kwanza kwa herufi za Kiarabu kisha kwa za Kirumi, ili nguo iseme lile ambalo mwenyewe aliona haya kulitamka. Mtoto aulizapo habari za leso, dada zangu, ameugusa ukingo wa jambo zito kuliko anavyojua.

Na huo ugali wenyewe! Mahindi tusongayo hayakupata kuonekana upande huu wa dunia kabla Columbus hajavuka Atlantiki mwaka 1492. Asili yake ni Mexico, na wazee wa kale walisonga mtama, uwele na wimbi. Jina lake latuelekeza Bara Hindi. Mturuki huyaita mısır, yaani Misri. Mmisri huyaita mtama wa Shamu. Mwitalia huyaita granoturco, nafaka ya Kituruki. Kila umma umeandika jina la jirani juu ya gunia, na Mexico hakuna aliyeitaja.

Najua nitakavyojibiwa. Nitaambiwa kuwa hayo ni mapambo ya maarifa, na kwamba mtoto afunzwe hesabu na dini kwanza. Afunzwe, lakini mtoto aliyenyamazishwa mara tatu kwa swali la leso hatauliza la nne, hata likiwa la hesabu au la dini. Nitaambiwa pia, na hoja hii naiheshimu zaidi, kuwa mtoto akijua neno ni la Wareno, mahindi ni ya Mexico na merikani ni ya Massachusetts, atadhani kwao hakuna chochote kilicho chake. Mimi nasema sivyo. Mreno alileta kitambaa cha kufutia pua. Aliyekata sita akavishona na kujistiri navyo alikuwa mwanamke wa hapa, na kazi ya mikono yake haiwezi kujulikana na mtu asiyejua kilichokuwa mikononi mwake kabla hajaanza.

Shangazi yule nampenda, na siku ile alikuwa amechoka, simlaumu. Lakini mtoto anadai jibu lake. Ijumaa, baada ya sala ya alasiri, nitakwenda kwao na vitambaa sita vya mkononi, sindano na uzi.